Kopa salfeti imerudi bluu nilipoitia maji, mbona wanasema ni badiliko la kikemikali? Na kwa nini namba ndogo za chini kwenye fomula haziguswi?

fuwele_bluu

Habari zenu wakubwa, naombeni msaada maana mtihani umekaribia na hapa nimekwama kabisa. Kwenye daftari nimeandika badiliko la kiumbo linarudi, badiliko la kikemikali halirudi, nikaikariri hivyo hivyo. Juzi tukafanya jaribio, tukapasha moto fuwele za bluu za kopa salfeti kwenye testi tyubu zikawa unga mweupe, ikapoa, tukadondoshea maji matone mawili matatu ikarudi bluu ile ile, tena testi tyubu ikapata joto mkononi kabisa. Mimi nikaandika ni badiliko la kiumbo kwa sababu limerudi. Nimekosa.

La pili ni kubalansi milinganyo. Nilipewa H2 + O2 → H2O. Oksijeni kushoto ziko 2 kulia 1, nikaongeza kanamba ka 2 chini ya O kule kulia ikawa H2O2. Ukihesabu haidrojeni 2 kwa 2, oksijeni 2 kwa 2, kila kitu sawa. Nayo nimekosa, nimeandikiwa tu "usibadili fomula". Sasa kama lengo ni atomi zilingane na zimelingana, kosa langu liko wapi? Nataka kuelewa jamani, kukariri nimeshachoka.

jibu_fupi

Mdogo wangu, kwenye mtihani we shika hivi: rangi ikibadilika ni kikemikali, kitu kikibadili umbo tu ni kiumbo. Hapo kopa salfeti imebadili rangi, basi kikemikali. Hiyo ya namba ndogo ni sheria tu, namba zinawekwa mbele.

mwl_maabara

Ndugu jibu_fupi nashukuru umejitokeza kumsaidia, ila hiyo kanuni ya rangi itamwangusha kama ilivyomwangusha ile ya kurudi. Chukua ayodini. Ikiwa ngumu ni fuwele za kijivu cheusi zinazong'aa, ipashe moto kidogo unapata mvuke wa zambarau mzuri sana, mvuke ukigusa sehemu ya baridi fuwele zinajijenga tena. Rangi imebadilika waziwazi na bado ni badiliko la kiumbo, maana fuwele ni I2 na mvuke ni I2. Molekuli ni zile zile, zimeachana tu.

Sasa fuwele_bluu, hapo ndo penye jibu lako. Usiulize "je kinarudi", uliza "je kilichopo sasa ni kitu kile kile au ni kitu kingine", na kinachokuonyesha hilo ni fomula. Zile fuwele za bluu fomula yake ni CuSO4·5H2O, yani kila CuSO4 moja imefungamana na molekuli tano za maji ndani ya fuwele, si maji ya kulowana, huwezi kuyafuta kwa kitambaa. Ukipasha moto vifungo vinakatika:

CuSO4·5H2O → CuSO4 + 5H2O

Ukiangalia vizuri ungeona matone yanajikusanya pale juu kwenye mdomo wa testi tyubu, hayo ndo maji yaliyotoka. Na kama mngepima, gramu 2.5 za fuwele zingebaki kama gramu 1.6 za unga mweupe, ile gramu 0.9 imeondoka kama mvuke. Unga mweupe ni kitu kingine kabisa, una uzito wake, rangi yake, ndo maana hata unatumika kupima kama kimiminika kina maji. Ulipotia maji vifungo vikajengeka upya na joto likatoka, lile ulilosikia mkononi. Kwa hiyo ni badiliko la kikemikali kwenda, na la kikemikali kurudi. (Moto msizidishe hapo siku nyingine, ikiungua sana inakuwa nyeusi, hiyo ni CuO na ukitia maji bluu hairudi.)

Mimi nimefundisha hii mada miaka mingi na sentensi ya "kikemikali halirudi" inaniumiza kila nikiikuta kwenye daftari la mtoto. Mabadiliko mengi ya kikemikali kweli ni magumu kuyarudisha, kitu kikishaungua ndo kimeungua, lakini ugumu wa kurudi ni dalili tu. Rangi ni dalili, joto ni dalili, mapovu ni dalili, hata maji yakichemka yanatoa mapovu na bado ni H2O.

fuwele_bluu

Mwalimu asante sana, nimeelewa. Ila sasa kwa macho nitajuaje, maana ayodini na kopa salfeti zote mbili zinapanda moto zinabadilika zinarudi?

mwl_maabara

Kwa macho peke yake wakati mwingine hutajua, na hilo si kosa lako. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni amoniamu kloraidi. Unga mweupe, ukiupasha moto unapotea wote halafu unatokea tena mweupe juu kwenye ubaridi, mtu yeyote angeapa ni kama ayodini. Lakini kilichotokea ni NH4Cl → NH3 + HCl, gesi mbili tofauti, na zikifika kwenye ubaridi zinaungana tena. Tunajuaje? Unaweka karatasi za litmasi zilizolowa njiani (asidi inazigeuza nyekundu, alkali kama amonia inazigeuza bluu), ile nyekundu inageuka bluu kwanza kwa sababu amonia ni nyepesi inatangulia, nyuma yake asidi inakuja kugeuza zote ziwe nyekundu. Ingekuwa ni NH4Cl yenyewe inaruka nzima nzima usingeona hivyo. Kwa hiyo kazi ni kupima, na ukishajua kilichopo unaandika fomula yake kushoto na kulia. Barafu kuyeyuka ni H2O(s) → H2O(l), ona fomula haijaguswa, kilichobadilika ni kaherufi ka kwenye mabano tu, s ni kigumu, l ni kimiminika. Hilo ni la kiumbo, limekwisha.

namba_mbele

Naomba nichukue swali la pili maana linatoka humo humo kwenye alichosema mwalimu. Fomula ndo kitu chenyewe. H2O ni maji. H2O2 ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayopausha nywele na kutoa povu kwenye kidonda, ukiinywa ukidhani ni maji unaumia. Kwa hiyo uliposhusha ile 2 chini ya O hujabalansi mlinganyo wa maji, umeandika mmenyuko mwingine unaotengeneza kitu kingine, na mlinganyo uliopewa hautoi hicho kitu. Hesabu yako iko sawa ila habari yake si ya kweli. Ni hivyo hivyo kwa CO na CO2, kanamba kamoja tu, CO2 unaitoa kila ukipumua na CO ni sumu inayoua watu usingizini kwenye chumba kilichofungwa.

Sasa namba ya mbele ina kazi gani, inahesabu molekuli ngapi. 2H2O ni molekuli mbili za maji, kila moja bado ni maji. Basi twende taratibu, H2 + O2 → H2O. Oksijeni zinakuja mbili mbili kwa sababu gesi ya oksijeni ni O2, na kila molekuli ya maji inahitaji moja tu, kwa hiyo O2 moja inatosha molekuli mbili za maji, weka 2 mbele ya H2O. Sasa kulia kuna haidrojeni 4, kushoto ziko 2, weka 2 mbele ya H2:

2H2 + O2 → 2H2O

Haidrojeni 4 kwa 4, oksijeni 2 kwa 2, na hakuna fomula iliyoguswa.

Kitu kingine kinachowaangusha wengi ni mabano. Al2(SO4)3, ile 3 ya nje inazidisha kila kilicho ndani, kwa hiyo alumini 2, salfa 3, oksijeni 12. Ukikosea kuhesabu hapo huwezi kubalansi hata ukeshe. Jaribu hii mwenyewe, alumini na asidi ya salfuriki: Al + H2SO4 → Al2(SO4)3 + H2. Nidokeze tu, SO4 imeingia nzima na imetoka nzima, ihesabu kama kitu kimoja usiichanechane.

fuwele_bluu

Nimekaa nayo. Alumini kulia 2 nikaweka 2Al. SO4 kulia 3 nikaweka 3H2SO4. Hapo haidrojeni kushoto zikawa 6 nikaweka 3H2. Imekuwa 2Al + 3H2SO4 → Al2(SO4)3 + 3H2. Sijagusa chini popote!

Nikajipa na ya chuma kushika kutu, Fe + O2 → FeO2, na hii imebalansi yenyewe bila kuweka chochote, ni sawa?

namba_mbele

Ya alumini umepata, hongera sana. Ya chuma hapana, na kosa limeanza kabla hujafika kwenye kubalansi. Fomula haipatikani kwa kuunganisha vilivyo kushoto ukavibandika kulia. Hakikisha fomula kwanza kwa valensi (uwezo wa atomi kuungana na nyingine), kubalansi baadaye. Chuma kwenye kutu kina chaji +3, oksijeni −2, ili zifutane unahitaji chuma 2 (jumla +6) na oksijeni 3 (jumla −6), ndo Fe2O3. Halafu sasa:

4Fe + 3O2 → 2Fe2O3

Kutu halisi ina maji pia ndani yake ndo maana chuma kikavu kabisa hakishiki kutu kirahisi, ila mlinganyo huo ndo unaanza nao.

mizani_kwanza

Nimesoma wote mmeeleza vizuri, naongeza kwa nini tunasumbuka kubalansi, maana bila hilo inaonekana ni fumbo la namba tu. Atomi hazizaliwi wala hazipotei kwenye mmenyuko, zinahama tu kutoka huku kwenda kule. Mwaka 1774 Mfaransa Antoine Lavoisier alipasha moto bati (metali ya Sn, si bati la paa) ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa, bati likageuka unga juu yake, akapima chombo chote uzito uko vile vile. Akafungua, hewa ikaingia kwa nguvu, ndo uzito ukaongezeka, kwa sababu sehemu ya hewa ya ndani ilikuwa imeshaingia kwenye bati.

Hata sasa ukimwambia mtu magnesi ikiungua majivu yanakuwa mazito kuliko utepe ulioanza nao anakataa. Lakini tazama 2Mg + O2 → 2MgO. Kwa uzito wa atomi, magnesi 24 mara mbili ni 48, oksijeni 16 mara mbili ni 32, jumla 80, na kulia 40 mara mbili ni 80. Gramu 24 za magnesi zinatoa gramu 40 za majivu meupe, ile 16 imetoka hewani. Mshumaa nao ukiungua "unaisha" kwa sababu vinavyotoka ni kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, vinaondoka huvioni. Na kwenye mshumaa huo huo mabadiliko yote mawili yapo pamoja, nta inayoyeyuka na kuchuruzika pembeni ni kiumbo, inayopanda kwenye utambi na kuungua ni kikemikali.

fuwele_bluu

Asanteni sana nyote, la mwisho tu. Nimejaribu gesi ya butani kuungua, C4H10 + O2 → CO2 + H2O. Kaboni nimeweka 4CO2, haidrojeni nimeweka 5H2O, sasa oksijeni kulia ni 8 na 5, jumla 13. O2 inakuja mbili mbili, 13 haigawanyiki, nimekwama hapa nusu saa.

namba_mbele

Hujakosea popote mpaka hapo. Andika 6.5 mbele ya O2 kwa muda, halafu zidisha namba zote za mbele kwa 2, zote, usiache hata moja.

fuwele_bluu

2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O

Kaboni 8 kwa 8, haidrojeni 20 kwa 20, oksijeni 26 kushoto, kulia 16 na 10 ni 26. Imekubali!!