Mjadala: Madarasa ya uzazi yanamsaidia kweli mama wa mara ya kwanza?

Nuru_M: Dada yangu ana mimba ya kwanza, wiki ya 28. Ameshauriwa ahudhurie madarasa ya uzazi: kupumua, mikao, hatua za leba. Siku yenyewe yanasaidia, au uchungu ukikolea mtu husahau yote?

MkungaMstaafu: Yanasaidia. Aliyefundishwa hakimbilii hospitali kwa uchungu wa mwanzo, anakuja leba imeshika kasi. Mkijifunza kutulia hamfiki kwenye kisu.

MamaWawili: Hatufiki kwenye kisu? Nilihudhuria vipindi vyote. Mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka, nikapasuliwa. Ningetulia vipi zaidi ya pale? Futa kauli.

MkungaMstaafu: Mwanangu, sikukusema wewe. Nimesema kwa ujumla.

MamaWawili: Umesema "hamfiki". Na mimi nimo.

Kassim_T: Tuweke hisia pembeni. WHO mwaka 2018 iliyataja madarasa haya kati ya njia za kupunguza upasuaji usio wa lazima, ila ikakiri ushahidi wake ni hafifu. Wenye nguvu zaidi ni ule wa mtu kukaa na mama muda wote wa leba. Mapitio ya 2017, tafiti 26, wanawake zaidi ya 15,000: leba ilikuwa fupi kidogo, upasuaji ukapungua.

Asha_B: Hisia pembeni! Umewahi kupanda kitanda cha leba wewe?

Kassim_T: Sijapanda. Nimesimama kando yake saa tisa nikimkanda mke wangu kiuno, na pa kukanda nilionyeshwa darasani.

Asha_B: Hapo nimekuelewa.

MkungaMstaafu: WHO hiyohiyo ilisema leba kamili ihesabiwe kuanzia njia ya uzazi ikifunguka sentimita 5, na mama asiharakishwe kwa kuwa tu njia haifunguki sentimita 1 kila saa. Asiyejua hilo anadhani mwili wake umeshindwa.

MamaWawili: Hilo ndilo nililohitaji. Darasani kwetu neno upasuaji halikutajwa hata siku moja. Nilisaini ile karatasi natetemeka, nikiamini nimefeli.

MkungaMstaafu: Hukufeli, mwanangu. Kauli yangu naifuta.

Nuru_M: Basi nani aingie na dada? Shemeji yuko safarini. Mama anataka kuingia yeye, dada hataki.

Asha_B: Umemuuliza kwa nini hataki?