Mjadala: Kubadilishiwa kazi bila kushauriwa ni kufukuzwa kwa mlango wa nyuma?

Mtoa mada: Msimamizi wa ghala, Barabara ya Nyerere, anakabidhiwa barua: kuanzia Jumatatu utakuwa mapokezi, mshahara uleule. Wapo wanaosema hana hoja kwa kuwa mshahara haujaguswa. Nawapinga. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinataka maelezo ya ajira yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, ndipo amjulishe kwa maandishi. Barua ya ghafla imeruka hatua ya kwanza.

Afisa rasilimali watu, Posta: Ndugu, kushauriana si kuomba ridhaa. Mikataba mingi ina kipengele cha "majukumu mengine utakayopangiwa". Tena kukosa mashauriano peke yake hakutoshi kuitwa mazingira yasiyovumilika ya kifungu cha 36, yale yanayofanya kujiuzulu kwa mfanyakazi kuhesabiwe kuwa ameachishwa na mwajiri.

Wakili, Kinondoni: Dada, kwamba kukosa mashauriano peke yake hakutoshi, uko sahihi. Kuhusu kipengele cha "majukumu mengine", hapana: majukumu mengine huongezwa juu ya kazi uliyoajiriwa, hayafuti cheo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni watu kuharibu haki yao kwa mkono wao. Mtu anakasirika, anaandika "naacha kazi kwa sababu binafsi". Akifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ni yeye anayepaswa kwanza kuthibitisha kwamba alilazimishwa, na barua yake inamkana. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Utendaji Bora za 2007 inamtaka awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzito. Kwa hiyo andika pingamizi mapema, taja kipengele cha mkataba kilichovunjwa, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Ukikaa miezi kimya kwenye kazi mpya, utaonekana umeridhia. Ukilazimika kuondoka, sababu halisi iandikwe ndani ya barua ya kujiuzulu, kisha ujaze Fomu Na. 1 ya CMA, ya kufungua mgogoro, ndani ya siku 30.

Mtoa mada: Na aliye chini ya miezi 6 kazini?

Wakili, Kinondoni: Kinga ya kuachishwa isivyo halali haimfikii. Huyo asijiuzulu kwa kutegemea hoja hii.

Afisa rasilimali watu, Posta: Bado natetea haki ya kampuni kupanga upya kazi. Ila meneja aite kikao, aandike muhtasari, wote wawili wausaini. Asiye na karatasi hiyo asinitume kumtetea.