Navalny alipataje siri za makampuni ya serikali?

Wadau, Alexei Navalny, yule mpinzani aliyefichua ufisadi, hakuwa na cheo Urusi. Nyaraka alizitoa wapi? Na nisome nini?

Jibu: Alikuwa mwanasheria. Mwaka 2008 alinunua hisa kidogo za Rosneft, Gazprom na Transneft, makampuni ya serikali ya mafuta na gesi, akatumia haki ya mwanahisa kudai kumbukumbu za vikao vya bodi. Akinyimwa, anafungua kesi, na kila hatua anaianika kwenye blogu. Huo ndio uliokuwa ufundi wake hasa.

Jibu: Usisahau RosPil, mradi wake uliokagua zabuni za serikali. Ukiona mfumo mkubwa wa kompyuta unatakiwa ukamilike kwa siku chache, ujue mshindi keshapangwa.

Jibu: Soma *Patriot*, kitabu chake kuhusu maisha yake, kilichotoka Oktoba 2024, miezi 8 baada ya kufia gerezani. Alianza kukiandika Ujerumani baada ya kupewa sumu. Shajara za gerezani ndizo zenye uzito zaidi.