Tupeane uzoefu: kamera ndogo ya mtumba, ilikuchukua muda gani mpaka mkaelewana?

Mzee wa Fleshi (Dar)
Wakuu habari za mchana. Wiki ya tatu sasa namiliki kamera ndogo, Canon PowerShot A590 IS, zile za mwaka 2008 za megapikseli 8 zinazotumia betri mbili za AA. Nimeipata Kariakoo kwa elfu 40 baada ya kuvutana sana na jamaa aliyeanzia elfu 70. Wife akacheka, akaniuliza simu yako ina kamera tatu nyuma, hii ya nini? Mpaka leo sina jibu.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha aisee. Naweka betri mpya za dukani kwa Mangi, napiga picha nne, skrini inaandika nibadilishe betri, lenzi inarudi ndani kama kobe. Nikanunua zingine, picha sita. Nikajua hapa nimepigwa mchana kweupe. Kumbe vile vibetri vya bei chee ni vya rimoti na saa ya ukutani, kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo hasa lenzi ikitoka na fleshi ikijaza, havina huo ubavu. Fundi mmoja wa spika akaniazima za kuchaji, za NiMH, nimeshapita picha mia na kitu na bado zinadunda.

Halafu kidole. Nimezoea simu, ukigusa imepiga. Huku nikibonyeza napata kisogo cha binti yangu, au mlango mtupu keshatoka. Mpaka nilipojua kitufe kinabonyezwa nusu kwanza, unasubiri kijani kiwake na mlio, unashikilia hapohapo, mtoto akigeuka unamalizia. Sa hivi namvizia kama paka.

Jingine, kadi ilikuwa mpya kabisa lakini picha yangu ya kwanza ikaandikwa IMG_6412, yaani kamera inakumbuka ilipoishia. Elfu sita na mia nne za watu nisiowajua, na kama namba ilishafika 9999 ikaanza upya ndo kabisa. Nyie zenu zilikuja na mambo gani?

Mama Wawili
Mkuu we bado una bahati, yako inakula SD. Mimi nilichukua Sony Cyber-shot, ile W55, nzuri imenyooka haina hata mkwaruzo, nikafurahi nimempata mjinga. Mjinga nilikuwa mimi. Inatumia kadi za Sony wenyewe, Memory Stick Duo, Arusha nzima nimezunguka wananiangalia kama naulizia kanda za video. Nikaja kuipata kwa fundi simu kwenye kopo la skrubu, GB 2, akanipiga bei karibu nusu ya kamera yenyewe.

Sasa nilipoiwasha kadi ina picha za watu. Wazungu, watoto wanacheza kwenye theluji, mbwa mkubwa mweusi kalala mlangoni, halafu bibi mmoja kakaa mbele ya keki peke yake na kofia ya karatasi kichwani, hacheki. Yule bibi alinikaa. Wiki nzima nashindwa kufomati, najiuliza kama yupo hai na kama hao wajukuu wanajua picha yake iko kwangu huku. Mwisho nikafuta zote maana nafasi ilikuwa imeisha na kipaimara cha mwanangu ni kesho yake. Na wale wa Olympus na Fujifilm za zamani angalieni zisiwe za kadi za xD, hizo ndo utalia kabisa.

Kijana wa Town
Elfu 40 si kuku watatu hao na mchele juu 😂

Mzee wa Fleshi (Dar)
Kuku ningeshawasahau mkuu.

Buda Ngara
Niaje wakuu, mimi niko Nairobi. Yangu ni Canon IXUS, niliitoa mtaa wa Luthuli, tukaenda nayo Diani na maboyz. Siku ya pili nikaiweka kwa mfuko wa shorts, mfuko ulikuwa na mchanga. Kuiwasha, lenzi inatoka nusu, krrr, inakwama, skrini inaniambia kuna kosa la lenzi niwashe upya. Nimewasha upya mara ishirini, wapi. Kurudi nyumbani nikaigeuza lenzi ikiangalia chini, nikaigonga polepole kwa kiganja, nikachukua kipande cha karatasi ngumu nikakizungusha kwa ule mwanya wa lenzi, punje tatu zikaanguka kwa meza. Tatu tu! Ikafunguka. Lakini ile krrr haijawahi kuisha, mamangu akiiskia chumba ingine anajua nampiga picha. Si dawa ya kila mtu lakini, usije ukavunja yako useme ni mimi.

Kanzu Nyeupe (Unguja)
Assalaam alaykum. Mie yangu ilinitesa sikukuu ya Idd. Wajomba wamepanga mstari kanzu nyeupe pee, ukuta nyuma mweupe wa chokaa, nikapiga: kanzu zimekuwa kijivu na nyuso zimezama hazionekani, mjomba mkubwa akasema umetupiga picha za vitambulisho vya majini. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Dawa yake ni ile alama ya kujumlisha na kutoa, panda kidogo kwenye kujumlisha, theluthi mbili hivi, au washa fleshi hata mchana. Lakini tulipokuja kujua hayo wajomba walikuwa wameshaenda kula.

Mzee wa Fleshi (Dar)
Sheikh hiyo ya kujumlisha nimeijaribu saa hii dirishani, binti kavaa sare ya shule shati jeupe, uso umetoka mpaka lile kovu dogo la nyusi alipoanguka kwenye ngazi. Simu yangu huwa inalifuta.

Halafu wakuu, jana nimepita pale nilipoinunulia. Jamaa ana nyingine mbili mezani, moja haina hata mfuniko wa betri, kaibana na rababendi. Anaanzia laki.