Fosithia yangu majani tele maua hakuna, nakosea wapi?

Mama_Kijani
Wadau habari zenu, naombeni msaada jamani maana huu mmea unanitesa. Nina fosithia, kile kichaka cha maua ya njano kinachochanua baridi inapoanza kuisha, kabla hata majani hayajatoka. Huu mwaka wa nne tangu niipande. Kiafya iko fiti kabisa, imenizidi urefu, kiangazi inafunga majani mpaka raha. Sasa maua... mwaka jana nilihesabu, sitanii, 11! Na yote yako chini huko karibu na udongo. Ya jirani upande wa pili wa ua ikichanua inakuwa njano mpaka matawi huyaoni, na yeye haigusi, haiwekei kitu, wala simuoni akiimwagilia. Mimi ndo nahangaika, kila mwaka baridi ikikaribia naikata vizuri inakuwa duara kama mpira, nafagia, naweka na mbolea. Jua inapata toka asubuhi mpaka saa nane hivi. Nimechoka, niing'oe?

mzee_wa_mkasi
Usiing'oe dada. Jibu umeshaliandika mwenyewe, "baridi ikikaribia naikata". Hapo ndo unapoyafagia maua yako na kuyatupa jalalani.

Iko hivi, fosithia haichanui kwenye tawi lililoota mwaka huohuo. Inachanua kwenye tawi lililokua msimu uliopita. Ikishamaliza maua inaanza kurefusha machipukizi mapya, na kwenye hayo hayo machipukizi, kiangazi kikielekea ukingoni, inatengeneza matumba ya maua ya mwaka unaofuata. Yanalala hapo baridi yote yakisubiri joto. Sasa wewe unakuja na mkasi wakati matumba yako tayari, unanyoa ncha zote pande zote, kinachobaki ni vijiti vya ndani. Hayo 11 ya chini ni yale ambayo mkasi wako haukuyafikia tu.

Kupogolea ni mara maua yanapodondoka, usipitishe wiki mbili tatu. Ukikata hapo kichaka kina msimu mzima wa kuotesha matawi mapya na kuyajaza matumba.

Baridi_Kali
Mzee nakuheshimu ila kuna kitu kingine. Maua kuwa chini tu ni dalili ya baridi pia. Hizi fosithia za kawaida za bustani mti wenyewe ni mgumu, haufi hovyo, ila tumba la ua ni laini kuliko tumba la jani. Ikishuka kama nyuzi 20 mpaka 25 chini ya sifuri matumba ya maua yanaungua, ila yale yaliyofunikwa na theluji yanapona kwa sababu theluji ni blanketi. Ndo unaona kichaka kimevaa sketi ya njano chini, juu kitupu, halafu majani yanatoka kama hakijatokea kitu. Mimi yalinikuta hayo miaka mitatu mfululizo nikapanda Meadowlark, hiyo ina damu ya fosithia ya Korea, inavumilia kweli.

mzee_wa_mkasi
Ni kweli hiyo ipo, ila ya jirani imechanua yote juu mpaka chini na baridi ni hiyohiyo. Labda iwe aina nyingine, lakini mimi naanza na mkasi kwanza.

Mama_Kijani
Duh. Yani miaka yote minne nanyoa maua kwa mkono wangu mwenyewe 😩 Kwa hiyo na mwaka huu imeshakula kwangu? Maana nimeshaikata tena.

shamba_dogo
Pole mama, mwaka huu ndo hivyo. Ila unaweza kuhakikisha bila kusubiri. Chukua tawi moja lichunguze, tumba la jani ni jembamba linabana kwenye tawi, tumba la ua limenenepa kidogo na mara nyingi yako mawili matatu pamoja sehemu moja. Ukiyapata hayo lipasue moja katikati kwa wembe, ndani likiwa na kijani au njano liko hai, likiwa la kahawia au jeusi limeungua na baridi, hapo Baridi_Kali atakuwa ameshinda. Au kata tawi weka kwenye jagi la maji ndani ya nyumba penye joto, kama baridi imeshalikaa wiki sita na zaidi litachanua ndani ya wiki moja mpaka tatu hivi. Mimi nafanya kila mwaka, nyumba inapendeza nje bado kumenuna.

Na hiyo mbolea ni ya aina gani? Kama ni ya kukuzia majani, ile yenye naitrojeni nyingi ya nyasi, acha. Inaleta majani, huoni yalivyo mengi? Mboji kidogo shinani inatosha.

Mama_Kijani
Ni hiyohiyo ya nyasi 🙈 Inabaki nikaona niigawie na yeye.

Sasa nikiacha kuikata kabisa si itakuwa pori? Ya jirani kusema ukweli ikishapoteza maua ni vurugu tupu, matawi yameinama yanalala mpaka chini.

mzee_wa_mkasi
Usiache kabisa, ikizeeka maua yanahamia nchani tu na katikati panakuwa kuni. Ila acha hiyo ya duara, fosithia haina umbo la mpira, umbo lake ni chemchemi, matawi yapande yainame. Kila mwaka baada ya maua tafuta matawi manene kuliko yote, yale ya zamani, toa kama robo au theluthi kwa kuyakata chini kabisa usawa wa udongo. Usikate katikati ya tawi, ukikata katikati linatoa fagio pale juu. Miaka mitatu minne kichaka chote kinakuwa kipya na hakuna mwaka umekosa maua. Wapo wanaokata chote kwa mpigo, kinaota tena, ila msimu unaofuata usitegemee maua ya maana.

Baridi_Kali
Hapo kwa mpira tuko pamoja mzee. Na dada kama nafasi ni ndogo jua tu inafika mita 2 mpaka 3 juu na upana unakaribia huohuo, usiipande ukiwa na mpango wa kuibana.

Mama_Kijani
Nimerudi. Nimekagua, matawi ya juu yote vitumba vyembamba vya majani tu, ila kule chini kwa ndani nimekuta vitawi viwili vina matumba manene matatu matatu, nimepasua moja njano kabisa ndani. Kwa hiyo ni mkasi. Kimoja nimekiweka kwenye jagi dirishani. Asanteni sana.

Halafu kuna kitu nimeona, tawi moja la jirani limepita chini ya ua limelala upande wangu, nikajaribu kulivuta limekataa, limeota mizizi! Hiyo ni kawaida?

mzee_wa_mkasi
Kawaida sana, ncha ikigusa udongo mbichi inashika yenyewe. Ndo njia rahisi ya kuizalisha kuliko zote. Likate upande wa jirani, chimbua na bonge la udongo kabla halijachipua, hamishia penye jua. Ila muombe kwanza mwenye nalo.

Mama_Kijani
Nimemuomba. Kacheka, kasema anachukulia ndo fidia ya kelele za mkasi wangu.