Vakyumu ya kusimama inajizima baada ya dakika 15, fundi anasema mota imeungua

mama_zulia
Habari za leo wakuu. Mimi nasafisha kumbi za harusi huku Sinza. Kazi inaanza saa nane usiku wageni wakishatoka, na ikifika saa mbili asubuhi mwenye ukumbi anataka zulia kama halijakanyagwa. Nina vakyumu moja tu, ile ya kusimama ya hotelini, ya mfuko, niliipata mtumba wa Uingereza. Ni ya volti 230, kwa hiyo msianze habari za transfoma.

Wiki ya tatu sasa inanitesa. Inawaka vizuri, dakika 15 hivi inajizima kimya. Nikiiacha saa nzima inawaka tena kama haijafanya kitu. Kabla ya kuzima inanuka mpira ulioungua, na vile vimetameta vya mapambo vinabaki palepale, mashine inapita juu yake tu.

Fundi wa mtaani kafungua kifuniko, kanusa, kasema mota imeungua, kuisuka 180,000. Mita hana. Nimemwambia nitarudi, nikabeba mashine yangu. Hivi mota iliyoungua inapona kila baada ya saa moja?

kinyozi_mstaafu
Dada uza hiyo chuma chakavu, nunua ya pipa. Za kusimama ni za wazungu wenye mazulia nyumba nzima.

mama_zulia
Kaka, ya pipa haina brashi inayozunguka. Pilau iliyokanyagwa na viatu vya watu 400 haitoki kwa kuvutwa tu.

fundi_koili
Dada mama_zulia, swali lako umeshalijibu mwenyewe. Iliyoungua haifufuki. Inayozima ikipata moto na kurudi ikipoa, hiyo ni kinga ya joto inakata umeme ili mota isife. Ishukuru. Mota ya vakyumu inapozwa na upepo inaouvuta, kwa hiyo njia ikiziba mahali popote inajipika yenyewe.

Harufu ya mpira naona ni ugonjwa wa pili. Rola ya brashi imekwama, mota inazunguka, mkanda unasuguana na shafti mpaka unaungua. Ndiyo maana vimetameta haviondoki.

Fanya hivi usiku wa leo. Chomoa hosi pale inapoingia kwenye mwili wa mashine, washa, ziba lile tundu kwa kiganja. Kikivutwa kwa nguvu, kuanzia hapo kwenda kwenye mfuko na mota hakuna tatizo, uzibe uko kwenye hosi au chini kwenye brashi. Kikivutwa kidogo, angalia mfuko na filta. Kisha zima, toa plagi ukutani, dondosha sarafu ya 200 ndani ya hosi. Isipotokea upande wa pili, umeshampata mwizi.

Halafu niambie ukweli: mfuko ulibadilisha lini?

mama_zulia
Fundi usinicheke. Mifuko ya karatasi iliyokuja nayo ilikuwa mitano. Hii ya mwisho naikung'uta nje na kuirudisha, sijui mara ya ngapi. Na mwezi uliopita ukumbi mmoja walibadilisha dari, nikavuta vumbi la jipsamu lote.

fundi_koili
Sicheki, ila hapo ndipo ulipoiua nusu. Vumbi la jipsamu ni laini kuliko unga wa sembe, linaingia kwenye vitundu vya karatasi na halitoki hata uikung'ute mpaka kesho. Mfuko unaonekana mtupu kumbe haupumui. Filta ya nyuma nayo itakuwa nyeupe. Kama ni ya sponji ioshe, ikauke siku nzima kivulini, usiirudishe mbichi. Ya karatasi iliyokunjwakunjwa usiioshe, nunua nyingine.

mama_zulia
Nimerudi. Kiganja kilivutwa kidogo, kwa hiyo mfuko kweli. Lakini sarafu nayo haikutoka! Nimesukuma kwa mpini wa fagio, pale kwenye kona palikuwa na vijiti vya meno vitatu vimekaa msalaba, na nyuma yake kitambaa cha mezani, maua ya plastiki na donge la vumbi gumu kama andazi la juzi. 200 yangu nimeipata.

Rola ndiyo imenitoa jasho. Nywele za rasta zimejisuka kwenye beringi upande wa kushoto mpaka zimeyeyuka na kugandana. Nimekata kwa wembe karibu saa nzima. Upande wa kulia inazunguka kwa kidole, wa kushoto inakwaruza. Mkanda una sehemu moja imeng'aa kama kioo.

fundi_koili
Beringi ya kushoto badilisha. Namba imeandikwa ubavuni, maduka ya beringi Kariakoo wanazo nyingi. Mkanda usikate wa tyubu ya bodaboda kama wanavyofanya wengine, unavutika na utarudi hapa na harufu ileile. Mpya unatakiwa ukusumbue kuuvalisha. Ukiingia kirahisi si saizi yake.

Mfuko wa kitambaa unaweza kushonewa, wa drili nzito mara mbili, si kanga. Kanga itarudisha jipsamu yote kwenye suti za watu.

mama_zulia
Beringi 6,000, mkanda nimepata kwa muuza spea za mashine za hotelini. Jumamosi imefanya kazi saa mbili na nusu bila kuzima. Mshonaji wangu anauliza zipu ikae juu au ubavuni?

fundi_koili
Chini. Utamwaga bila kuligusa vumbi.