Kituo cha kuchambua taka kikijengwa, wachambuaji wa Dandora watalindwa na nini?

Mratibu wa Eastlands

Habari wadau. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka, na kanuni za wajibu wa wazalishaji za 2024, zile zinazoitwa EPR, zinamtaka anayeleta vifungashio sokoni agharamie kuvikusanya vikishatumika. Kwa mazingira ni hatua njema kabisa. Lakini jaa la Dandora, jijini Nairobi, lipo tangu miaka ya 1970, na maelfu ya watu wanapata riziki hapo: anayeokota, anayeosha, wa mkokoteni, broka wa yadi, mama anayewapikia. Siku ua utakapozungushwa na mashine kuwashwa, wanaweza kujikuta wote nje ya lango.

Vikundi vya huku vimechoshwa na warsha za mpito wa haki, yaani za kuhakikisha wafanyakazi hawaachwi nyuma mfumo unapobadilika. Shirika la kijamii lenye watu wachache na pesa kidogo lifanye nini hasa, na lianzie wapi, ili haki ya wachambuaji iandikwe kabla zabuni haijatolewa?

Daftari Kwanza

Anzeni na daftari la wafanyakazi. Mkienda City Hall, makao ya serikali ya kaunti, bila orodha mtaulizwa hao mnaowatetea ni kina nani, na kikao kitaishia hapo.

Msihesabu kwa siku moja ya mchana. Mtawakosa wanaoingia alfajiri, kina mama wanaochambulia nyumbani, na wale wanaokuja siku za kazi ya mjengo ikikosekana. Hesabuni siku saba mfululizo, kwa zamu, na mpite kwenye yadi pia. Kwa kila mtu andikeni kazi anayofanya, mali anayookota (chupa za PET, plastiki ngumu, nailoni, chuma, karatasi), kilo kwa siku, anamuuzia nani, na kama ana kitambulisho. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, maana asiye na kitambulisho atakwama kwenye usajili wa kikundi, kwenye SHA (bima ya afya ya serikali) na kwenye malipo ya simu. Waanze kushughulikiwa mapema, kwa sababu karatasi zao huchukua muda.

Daftari huharibiwa na tetesi za pesa. Ikisikika tu kuna mradi, orodha huvimba na mabroka huingiza jamaa zao. Tangazeni tarehe ya kufunga, bandikeni majina jaani kwa wiki mbili, na malalamiko yasikilizwe na wachambuaji wenyewe, wanawake wakiwemo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zitatumiwaje, na hata kubandika jina mpate idhini yake. Namba za vitambulisho na simu zifungiwe.

Halafu mizani. Malipo ya EPR yatafuata kilo zilizoandikwa. Kumbukumbu zikianzia kwenye yadi ya broka, basi kwa karatasi aliyekusanya ni broka, na aliyeinama kuokota hayumo kabisa. Nunueni mizani iliyopimwa na kugongwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani, iwekwe pale mali inapokabidhiwa mara ya kwanza, na kila mtu apewe risiti yenye jina, aina ya mali na kilo. Mizani inayopunja kilo 1 katika kila 10 humpokonya anayeleta kilo 40 kwa siku kilo 4, na hasara hiyo haionekani mahali popote ila kwake.

Msomaji wa Zabuni

Nakubaliana na daftari, ila msisubiri likamilike ndipo muombe nyaraka. Fanyeni yote kwa pamoja.

Andikieni kaunti barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkitaja Kifungu cha 35 cha Katiba. Msiombe "taarifa kuhusu mradi", hapo mtajibiwa kwa kijitabu cha picha. Ombeni vitu kwa majina: ripoti ya upembuzi yakinifu, rasimu ya masharti ya zabuni, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na mpango wowote wa kuwahamisha watu. Pelekeni nakala mbili na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Ikikaa kimya au ikikataa, mna siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Bila ule muhuri hamna pa kuanzia kuhesabu.

Rasimu ikipatikana, tafuteni kifungu cha ajira. Mara nyingi kitasema wenyeji "watapewa kipaumbele". Kifungu hicho hakina idadi, tarehe wala adhabu, kwa hiyo hakimfungi mtu. Pendekezeni maneno yanayopimika: mkandarasi ataajiri watu kadhaa kutoka kwenye daftari kabla ya siku ya kufungua kituo, ambao hawataajiriwa wataruhusiwa kuuza mali langoni kwa bei itakayobandikwa kila wiki, malipo yatatoka siku hiyo hiyo, akikiuka, kaunti itakata kiasi fulani kwenye hundi yake. Hilo la malipo ya siku hiyo hiyo ndilo husahaulika. Mchambuaji anakula kwa alichouza leo. Kituo kinacholipa mwisho wa mwezi kitamrudisha kwa broka ndani ya wiki moja, hata bei yake iwe nzuri namna gani.

Daini pia malipo ya huduma, mbali na bei ya mali. Bogotá, baada ya Mahakama ya Katiba ya Kolombia kutoa amri mwaka 2011, jiji lilianza mwaka 2013 kuwalipa wachambuaji kwa uzito waliouokoa usifike jaani, juu ya kile wanachouza. Bei ya PET ikianguka, malipo hayo ndiyo huwabakiza kazini.

Na wekeni kumbukumbu za kila mkutano: tangazo lilitoka lini, kwa lugha gani, nani alihudhuria, nini kilisemwa. Leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira Juni 2019 kwa sababu, miongoni mwa kasoro nyingine, umma haukushirikishwa ipasavyo. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikitoa leseni msiyoridhika nayo, rufaa ni ndani ya siku 60.

Bajeti ya Kaunti

Hayo yote yanahitaji pesa, na pesa ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Vikundi vingi hujitokeza Mei, wakati viwango vya kila idara vimeshapangwa. Ingieni Septemba, na maoni yenu yawe kurasa mbili tu zenye mstari wa bajeti, kiasi, na wadi. Nakala moja kwa karani wa bunge, nyingine kwa mwakilishi wadi.

Ulizeni pia kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi yenu. Miradi ya FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, hupendekezwa kupitia huko, na banda la kuchambulia lenye paa na maji ni ombi linaloweza kutetewa.

Mratibu wa Eastlands

Asanteni sana. Mkataba na kampuni usainiwe na nani? Muungano wetu, au wachambuaji?

Daftari Kwanza

Wachambuaji, kupitia ushirika wao. Watu 10 wanatosha kusajili ushirika, na 10 wanatosha kikundi cha kijamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Muungano usaini kama shahidi, na usishike pesa zao hata kwa wiki moja. Shirika likigeuka mlipaji, linaanza kuogopa kumkasirisha mkandarasi, na kazi yake ya kusimamia mkataba imekwisha. Kazi yenu ni kuwatafutia wakili, kuwafundisha kusoma risiti na hesabu, na kulinganisha kila mwezi kilo za kituo na kilo za ushirika. Zikitofautiana, andikeni barua mwezi huo huo.

Msomaji wa Zabuni

Nyongeza kuhusu afya, maana huachwa nje ya zabuni kisha hakuna wa kugharamia. Taka za hospitali huchanganyika na za nyumbani, na sindano hupenya glavu nyembamba. Andikeni glavu ngumu na buti zenye soli isiyopenyeka, zibadilishwe zinapochakaa badala ya kutolewa mara moja siku ya uzinduzi. Wekeni chanjo ya pepopunda, na ya homa ya ini aina ya B kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Ratiba iambatanishwe na daftari, kwa sababu dozi ya tatu ndiyo watu wengi hukosa.